Namba za Wasichana Hutangulia

Jumanne, 14 Januari 2025

Shule imefunguliwa jana na leo nimenyang'anywa ofisi. Miaka kumi na moja nimekuwa mwalimu wa taaluma hapa, nimepanga ratiba, nimesimamia mitihani, nimegombana na wazazi kwa niaba ya watu waliokuwa wanakunywa chai. Leo Mkuu wa Shule, Josia, ananiambia mbele ya wenzangu kwamba "sasa tumpishe kijana". Kijana mwenyewe ni Muharami wa Hesabu, mtoto wa mjini Bukoba, miaka ishirini na nane, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Amekuja na kompyuta ya kubeba na chupa ya chai. Aliniamkia shikamoo mara mbili kana kwamba ya kwanza sikuisikia. Niliisikia.

Nimerudi kwenye nyumba ya walimu nikatoa daftari hili. Nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya maandalio ya masomo. Litabeba hasira zangu, maana nikizitoa mdomoni nitafukuzwa miaka minne kabla ya kustaafu.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Bati likianza kupigwa hakuna kufundisha. Unabaki na chaki mkononi, unatazamana na watoto.

Jumatatu, 20 Januari

Nimepewa Kidato cha Tatu, mchepuo wa sayansi. Wako tisini na sita: wavulana hamsini na sita, wasichana arobaini. Hao arobaini wanajua kinachowasubiri. Kila mwaka wanaanza wengi hivyo, na ikifika Aprili wamebaki kumi na watano. Sharti ni langu, nililiandika mwaka 2009: asiyefikisha alama 45 kwenye mtihani wa mchujo wa Machi anaacha Fizikia na kuhamia sanaa.

Wananiita katili. Mimi nilisoma Fizikia katika darasa la wavulana thelathini na wanane, msichana peke yangu, na hakuna aliyenibembeleza. Nilikuwa nikikosea wanacheka, nikipatia wananyamaza. Nikajifunza kutokosea. Kama mimi niliweza, hawa wanashindwa na nini? Uvivu na kusuka nywele.

Na mtu asiseme nina upendeleo. Binti yangu Esther nilimfundisha mwenyewe, hapa hapa, mwaka 2013. Alipata 42. Nikamtoa siku hiyo hiyo. Karatasi yake ninayo nyumbani Nyanga, kwenye sanduku la bati, na mzazi akija kunililia kuhusu mwanawe namsimulia habari hiyo, anaondoka kimya. Esther sasa anafundisha Historia kule Muleba. Krismasi alikuja, akala ebitoke, ndizi zetu za kupika, akaosha vyombo, hakulala kwangu.

Jumatano, 29 Januari

Somo lilikuwa mwendo. Gari linakwenda mita ishirini kwa sekunde, linafungwa breki, linasimama baada ya sekunde nane. Limekwenda umbali gani? Nikaandika kanuni ubaoni, hatua sita, nikachora pembeni grafu ya kasi na muda. Akanyoosha mkono Alistidia Kashaija, msichana wa bweni, anatoka Kimwani. Ni mrefu, na hajui kuinamisha macho.

"Madam, mbona pembetatu yenyewe ndiyo jibu? Nusu ya nane mara ishirini. Themanini."

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Hakuna, madam. Nimeiona."

"Umeiona wapi?"

"Hapo ulipochora."

Darasa likacheka. Nikamwambia afuate kanuni kama wenzake, na asimame mpaka kengele. Akasimama dakika ishirini na tano, macho kwenye ubao. Jibu ni themanini kweli. Lakini sikumwuliza.

Jumatatu, 3 Februari

Kikao cha walimu, na nimetoka katikati yake.

Ajenda tatu za kwanza zilikuwa upuuzi wa kawaida: choo cha wavulana, kuni, walimu wanaochelewa. Ya nne ilikuwa ya taaluma. Muharami akasimama, akagawa karatasi. Alikuwa amechukua mitihani yote ya ndani ya miaka sita, akatenganisha wasichana na wavulana, somo kwa somo. Kiswahili na Historia, wasichana wako mbele kwa alama tatu. Baiolojia na Kemia, sawa. Hesabu, wavulana mbele kwa alama nne. Fizikia, wavulana mbele kwa alama kumi na saba.

"Sina maoni bado," akasema, kwa sauti ile ya mtu anayeomba chumvi. "Nauliza tu. Watoto ni wale wale. Hesabu ni nne, na Fizikia imejaa Hesabu. Hizi kumi na saba zinatoka wapi?"

Walimu wote wakaangalia karatasi. Hakuna aliyeniangalia, na hapo ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa wananifikiria mimi.

Nikamwambia, "Zinatoka kwenye ukweli, mwalimu. Hesabu unafundisha wewe, na wewe unagawa alama kama karanga."

"Madam, sijasema lolote juu yako."

"Umelisema kwa jedwali."

Josia akasema, "Mwalimu Theopista, waitu, tafadhali, tuendelee." Nikasema endeleeni. Nikachukua mwavuli wangu nikatoka. Nje ilikuwa inanyesha vibaya, kwa hiyo nikasimama barazani nusu saa nzima, nikizisikia sauti zao bila kusikia maneno, nikaona aibu ya kurudi na aibu ya kulowa. Baadaye walitoka wakanipita. Muharami akasema ajenda zilizobaki atazibandika kwenye ubao wa matangazo.

Naapa hapa: chochote chenye saini yake sisomi.

Jumanne, 11 Februari

Mvua. Alistidia ameuliza maswali matatu. Nimejibu moja.

Jumatano, 19 Februari

Kuna karatasi ndefu kwenye ubao wa matangazo, "Utaratibu wa Mtihani wa Mchujo", saini kubwa chini. Nimepita nikitazama mbele. Utaratibu nautunga tangu yeye akiwa chekechea. Watoto wanaandika namba, hawaandiki majina, ili msahihishaji asijue ni nani. Namba za wasichana hutangulia, kwa alfabeti, halafu wavulana. Ndivyo ilivyo hata kwenye mtihani wa taifa. Hakuna la kusoma hapo.

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa Ramadhani umeanza. Muharami amefunga, na bado ana adabu saa tisa mchana. Mtu wa namna hiyo ananichosha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwona Alistidia chini ya mwembe wa bwalo anamwonyesha kitu Adeodatus, yule mvulana mpole wa Kemondo anayepata kigugumizi akiniona. Amechora chini kwa kijiti. Nikawaambia warudi maktaba. Msichana anayemfundisha mvulana Fizikia, na yeye mwenyewe hajafaulu.

Jumanne, 18 Machi

Mchujo umefanyika. Wavulana bwaloni, wasichana maabara, mimi nilipangiwa kusimamia Kidato cha Kwanza upande wa pili. Swali la nne nimeliweka lile lile la breki, tarakimu zile zile. Nilitaka kuona nani alinisikiliza.

Alhamisi, 20 Machi

Nimesahihisha 001 mpaka 040 kwa siku moja. Wasichana huwa nawamaliza haraka.

Ya kwanza kabisa, 001, sikuhitaji jina. Anayetangulia kwa alfabeti ni wa herufi A, na kwenye swali la nne kuna pembetatu. Hakuna kanuni, hakuna hatua, pembetatu tu na themanini chini yake. Alistidia huyo, kaniletea ubishi wake mpaka kwenye karatasi. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Kazi iko wapi? Umenakili." Alama mbili kati ya nane. Jumla 43. Niseme kweli, nilipoona ile 43 nilifurahi.

Waliobaki ni hadithi ile ile. Wanajibu nusu, wanaacha. Vipimo wanaandika bila uhakika. Mmoja, 017, alikuwa na jibu sahihi lakini amefuta mara mbili. Mtu anayejua hafuti. Kumi na wanane wako chini ya 45. Natamani Muharami angekaa hapa mezani aone zile kumi na saba zake zinatoka wapi.

Ijumaa, 21 Machi

Leo 041 kwenda mbele. Nimetoa kiti nje, jua limetoka kidogo baada ya siku tisa, na ni raha kusoma kazi za watu wanaofikiri. Hata wakikosea unaona walikokuwa wanakwenda, unampa mtu alama ya njia.

Nimefika 057. Nimesimama nikatembea mpaka kwenye migomba na kurudi. Huyu mvulana, swali la nne, hakutumia kanuni yangu. Amechora pembetatu, nusu ya nane mara ishirini, themanini. Ameiona peke yake. Miaka thelathini ya chaki, mara ngapi mtu anapata mwanafunzi wa hivyo? Nane kati ya nane. Nikamwandikia: "Umefikiri mwenyewe. Hongera sana, kijana wangu." Jumla 71. Nahisi ni Haidari, mmoja wa wavulana wangu wa mbele.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemaliza. Nimemwachia Muharami alama mezani kwake, nikatoka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Muharami amenitumia pilau kutoka kwa mama yake mjini, kwenye bakuli lenye kifuniko. Nimewapa kuku. Kuku wamekula yote.

Alhamisi, 3 Aprili

Sijui niandikeje.

Kikao cha matokeo. Nilikwenda na gauni la kanisani. Nilikuwa nimeandaa na maneno. Muharami akampa Josia karatasi, Josia akavaa miwani, akasoma masomo yote, nikawa nasubiri Fizikia.

"Fizikia," akasoma. "Wastani wa wavulana, arobaini na tatu. Wastani wa wasichana, hamsini na nane."

Nikasema, "Umegeuza, Mkuu. Soma tena."

Akasoma tena. Ilikuwa vile vile. Walimu wakapiga makofi. Josia akavua miwani, akacheka kwa furaha. "Hata mwenyewe haamini. Jamani, mnakumbuka kikao cha Februari? Mwalimu Theopista alitoka kwa hasira, kumbe alikwenda kuifanyia kazi. Wasichana wamewaacha wavulana kwa alama kumi na tano. Mimi nitaipeleka hii wilayani."

Nikaomba orodha ya majina. 001 ni Adeodatus. 002 ni mvulana. Nikashuka na kidole, mvulana, mvulana, mvulana, mpaka 056. Na 057 ni Alistidia Kashaija.

Nikamwuliza Muharami, "Nani amebadilisha namba?"

"Ilikuwa ajenda ya sita, madam. Tulikubaliana kila mtihani tugeuze mpangilio. Mara hii wavulana wametangulia. Nilibandika ubaoni, tangazo lilikaa wiki nne."

Mwalimu wa Kemia akanishika mkono akanipongeza. Wanaoondolewa Fizikia ni wavulana kumi na wanane na wasichana watatu. Nimekunywa maji matupu, nimekaa kitandani na gauni la kanisani.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilijiambia asubuhi kwamba pengine ni bahati tu. Wavulana wa mwaka huu ni wabovu, basi. Nilikuwa karibu kuamini.

Saa nne wakaja wawili kwenye maabara, Alistidia mbele, Adeodatus nyuma yake amelowa mabega. Kila mmoja na karatasi yake.

"Shikamoo madam."

Sikuitikia.

"Madam, Deo ameambiwa ahamie sanaa. Amepata 43. Tunaomba uangalie swali la nne."

"Deo hana mdomo?"

Mvulana akajaribu. "Ma-madam, mimi ni-nimefanya kama yeye."

"Basi ulinakili. Nimeandika hapo."

"Hakunakili," Alistidia akasema. "Yeye alikuwa bwaloni, mimi maabara. Pembetatu ni yangu, nilimfundisha mimi wakati wa kujisomea, hata wewe ulitukuta. Kwake umeandika amenakili, mbili. Kwangu umeandika nimefikiri mwenyewe, nane." Akaziweka karatasi mbili mezani, zikiwa zimegusana. "Na mimi umeniita kijana wako, madam. Hujawahi kuniita hivyo."

Nikamwuliza kama anajua kwamba nikianza kupitia upya karatasi, na yake naweza kuipunguza. Niliuliza kwa ubaya, nilitaka aogope.

"Najua," akasema. "Nimekuja nikijua. Mimi nataka kusoma udaktari, siwezi bila Fizikia. Lakini siwezi kubaki kwa pembetatu ileile iliyomtoa yeye."

Nikawafukuza. Nilisema nina kipindi. Sikuwa na kipindi. Karatasi zao walizisahau, au waliziacha makusudi, na nimezitazama mpaka saa sita. Pembetatu zinafanana. Ya Deo hata imenyooka zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua kutwa. Namchukia yule msichana.

Jumatatu, 7 Aprili

Muharami alikuja maabara, akabisha hodi mlango ukiwa wazi. Alikuwa na karatasi moja tu safari hii.

"Madam, naomba nikuonyeshe kitu kabla sijamwonyesha mtu mwingine. Na ukisema nisimwonyeshe mtu, nitaichana."

Ilikuwa ni alama zangu, zimepangwa kwa namba, 001 mpaka 096, kila alama ni nukta. Nukta zilikwenda chini chini, halafu zikaruka juu ghafla, zikabaki juu mpaka mwisho.

"Wavulana hawa," akasema, "majina yanayoanza na A mpaka K wako chini, wastani wao thelathini na sita. Wavulana wanaoanzia L kwenda mbele wamefaulu, wastani wao sitini. Nimewafundisha hao hao Hesabu. Hawatofautiani hata alama mbili. Nikajiuliza, herufi ya jina inamfanya nini mtu kwenye Fizikia?"

Nikaivuta karatasi karibu.

"Kuna ukuta, madam. Uko kati ya 040 na 041." Akaweka kidole hapo. "Na wasichana darasani ni arobaini."

Nimekaa na watu wengi walionishinda hoja na wote nikawachukia. Huyu nilimchukia zaidi kwa sababu hakutabasamu. Alikuwa ananionea huruma, na alikuwa anajitahidi isionekane.

"Ulinitega," nikasema.

"Hapana. Nilisema kikaoni kila kitu. Uliondoka ajenda ya nne."

"Ulijua sitasoma ubao."

"Nilijua umenikasirikia. Sikujua kiasi hicho, madam."

Nikamwambia aiache hiyo karatasi na aondoke. Akaiacha. Alipofika mlangoni nikamwuliza kama mama yake ndiye aliyepika ile pilau. Akasema ndiye. Nikasema mwambie asante. Uongo huo nao niuandike hapa.

Baada ya hapo nilifunga mlango. Nilikuwa naamini kitu kimoja juu yangu mwenyewe: kwamba sipendezi, lakini natenda haki. Miaka yote nimeishi kwa hicho. Nimeachwa na marafiki, nimeachwa na mtoto wangu, nikasema potelea mbali, angalau mizani yangu haisemi uongo. Kumbe kila Machi nilikuwa naangalia namba kwanza. Namba ikiwa ndogo, nilikuwa natafuta kosa. Ikiwa kubwa, natafuta sababu ya kumpa mtu. Wasichana wale wote waliobaki kumi na watano kati ya arobaini. Nimejaribu kuwahesabu niliowatoa tangu 2009 nikashindwa kuendelea.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Josia. Nimemwambia matokeo ya Fizikia yafutwe, nisahihishe upya. Akadhani natania.

"Mwalimu, kwa mara ya kwanza wasichana wameongoza Fizikia. Nimeshapiga simu wilayani. Wanataka twende tukaeleze shule nyingine tumefanyaje."

"Hatujafanya kitu. Nilidhani ni wavulana."

Ikabidi nimweleze tangu mwanzo, ukuta, namba, barazani na mwavuli. Alisikiliza huku anakunja na kukunjua karatasi.

"Sasa unataka niwaambie nini wilayani? Kwamba mwalimu wangu wa Fizikia anaangalia jinsia ndipo anaangalia jibu?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Wavulana kumi na wanane watahamia sanaa, watapona. Hujawahi kuwalilia wasichana waliohama. Acha mwaka mmoja uwaendee vizuri wasichana, Theopista. Nani ataumia?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata kazi ya maana tangu Januari. Nilimwambia ataumia Deo wa Kemondo, na nikamwambia hao wasichana hawakuomba sadaka. Yupo mmoja aliyekuja kuirudisha kwa mikono yake. Nikasema asiponiruhusu nitabandika karatasi ya Muharami kwenye ubao wa matangazo, na safari hii saini itakuwa yangu. Akasema mimi ni mtu mgumu sana kufanya kazi naye. Nikasema anajua hilo tangu 2009.

Ameruhusu.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku tatu. Muharami alizikusanya tena na kuzichanganya karatasi zote tisini na sita, akafunika namba na maandishi yangu mekundu kwa vipande vya gazeti vilivyobanwa kwa pini, akanipa mojamoja. Nikasahihisha kwa wino wa kijani. Siku ya kwanza nilijikuta naubonyeza ukurasa kwa kidole kutafuta nani yuko chini ya gazeti. Akaniona. Nikaacha.

Wasichana wastani 52. Wavulana 51. Adeodatus amepata 49 na anabaki. Alistidia ameshuka, ana 68. Nilimwita nikamwambia mwenyewe. Akauliza zile tatu zimekwenda wapi, nikamwonyesha, akabisha moja, na nikaangalia, alikuwa amekosea. Akasema, "Sawa, madam." Hakunishukuru na sikutegemea.

Wasichana wanne wameangukia chini ya 45, baada ya kupoteza alama zile nilizowapa nikidhani ni vijana wangu. Wavulana watano vile vile. Nimekwenda ubaoni nikaondoa sharti la 45. Lilikuwa limebandikwa miaka kumi na sita, gundi imegeuka ya njano. Atakayetaka kubaki na Fizikia atabaki, mimi nitafundisha. Josia amesema tutaona kwenye mtihani wa taifa, Novemba mwaka kesho. Tutaona.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepanda gari mpaka Nyanga. Nyumba inanuka unyevu, kibanja cha migomba kimejaa majani, mtu niliyemwachia anakula tu mshahara wangu. Nikavuta sanduku la bati kutoka uvunguni.

Karatasi ya Esther iko juu. Fizikia, Machi 2013, 42, wino wangu mwekundu. Nimeionyesha kwa wazazi wangapi? Kingo zimelegea kwa kushikwashikwa. Nikatafuta gazeti, nikakata vipande, nikafunika namba na wekundu wote kama alivyofanya Muharami. Nilijiona mjinga, mwandiko nimeufundisha mwenyewe akiwa na miaka mitano. Hata hivyo nikafunika. Nikatoa kalamu ya kijani.

Swali la pili alikuwa amefuta mara mbili, na jibu la mwisho lilikuwa sahihi. Swali la tano alikosa kipimo tu. Kwa mvulana ningekata alama moja, kwake nilikuwa nimekata nne. Swali la saba alikuwa na njia yote, amekosea kuzidisha mwishoni, nilikuwa nimempa sifuri.

Hamsini na tatu.

Nimejumlisha mara tatu. Nimeipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, nikamtumia. Nilitaka kuandika maneno mengi. Nimeandika: "Nimesahihisha upya. Umepata 53."

Hakujibu.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda ibadani. Mvua imenyesha tangu alfajiri na simu nimeiweka juu ya meza mbele yangu.

Saa tano amejibu.

"Mama, nilishaisahihisha mwaka ule ule, wakati uko shuleni. Niliitoa kwenye sanduku nikairudisha. Nilipata 54."

Nimekasirika. Hiyo ndiyo kweli yangu na siifichi: kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira, kwamba amekaa na 54 yake miaka kumi na miwili, anakuja Krismasi, anaosha vyombo vyangu na kuondoka. Nikataka kumwandikia kwamba mwanafunzi hajisahihishi.

Nikaichukua karatasi tena. Nikaanza mwanzo, polepole, swali moja moja, kidole kwenye kila mstari. Nilifika swali la sita, sehemu ya b. Alikuwa amechora mshale wa nguvu kwa penseli, hafifu, umefifia kwa miaka, wala mwaka ule wala jana sikuuona. Uko mahali pake, unaelekea unakotakiwa. Una alama moja.

Nimeandika 54 kwa kijani, nimetia saini, nimempigia.